Mstari Mweupe Uliohama

Inspekta Cornelia Sikombe hakuwa na haja na maiti. Maiti, alizoea kuwaambia askari wake, haiongopi wala haitoroki. Wa kuhangaika nao ni walio hai. Ndiyo maana Jumapili ile asubuhi, nusu ya mji wa Sumbawanga ikiwa njiani kwenda kusali na nusu nyingine ikielekea msibani kwa Mama Lwitiko kule Mazwi, yeye hakupita mochwari. Alikwenda nyuma ya kituo, kwenye nyasi zilizoloa umande, ambako gari la bluu la Lwitiko lilikuwa limebwagwa tangu jana jioni, paa limebonyea hadi kwenye usukani.

Sajenti Eustace alikuwa anamsubiri, mikono kaifumbata kwapani. Baridi ya Julai ya Ufipa haijali cheo cha mtu.

"Sema," alisema Cornelia.

"Zilikuwa mbio za fainali, afande. Pale kambi ya zamani ya wajenzi wa barabara, njia ya Namanyere, kwenye ule mzunguko wa lami waliouacha. Lwitiko alikuwa anaongoza. Raundi za mwanzo hakuna tatizo. Kufika kona ya mtaroni akakanyaga breki, tairi la mbele kushoto likaisha upepo ghafla, likachomoka kwenye rimu. Gari likabiringika. Alikufa palepale."

"Hayo nimeyasikia redioni. Fundi je?"

"Anaitwa Romani, wa Milanzi. Ndiye aliyefunga matairi. Hata vumbi halijatulia, mama wa marehemu akamnyooshea kidole. Alipiga ukelele mmoja tu: 'Huyo ndiye kamuua mwanangu!' Basi, watu hawakutaka kusikia la pili. Walimlaza chini, wakauweka mkono wake juu ya zege, wakautwanga kwa chuma chake mwenyewe cha kubandulia matairi. Sisi tunafika, walishaanza kutafuta petroli."

"Waliompiga mmewakamata?"

Eustace alikohoa. "Walikuwa wengi, afande."

"Nimekuuliza, mmewakamata?"

"Hapana. Ila Romani tumemkamata."

Cornelia aliguna kwa dharau. Ndivyo mambo yalivyokuwa: aliyevunjwa mkono alikuwa hospitali, kafungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, na waliomvunja walikuwa msibani wanakula wali wa watu. Mkuu wa upelelezi wa mkoa alishapiga simu. Alitaka jalada la mauaji mezani kwake kesho asubuhi, maana Mama Lwitiko si mtu wa kuzungushwa. Alikuja kutoka Mbeya zamani na kazi ya halmashauri, akastaafia hapahapa, na hakuna mwenye ofisi mjini asiyempa shikamoo. Jalada likienda lilivyo, Romani alikuwa na kesi moja mbele yake, na kesi hiyo adhabu yake ni kunyongwa.

"Niletee mshindi," alisema Cornelia.

Mshindi alikuwa Godbless, mwenye duka la vipuri karibu na stendi. Alikuja kwa miguu yake, amevaa lile koti lake la mbio, linalong'aa mabega.

"Kombe liko wapi?" Cornelia alimuuliza.

"Nimeliweka dukani, afande. Kwenye kioo, watu waone."

"Na mwenzako yuko kwenye jokofu."

Godbless alitabasamu, kisha akakumbuka kwamba haifai. "Mbio ni mbio."

"Jana ulikuwa wa pili mpaka tairi lake lilipochomoka. Nipe sababu ya kutokukuweka ndani."

"Sababu hii hapa." Godbless alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele kushoto, akafuta udongo kwa kidole gumba. Ukatokea mstari wa rangi nyeupe kwenye rimu. Kwenye tairi kulikuwa na mstari mwingine wa rangi ileile, ila ulikuwa umekwenda mbali nao, kiasi cha shubiri nzima. "Unaona? Huu ulikuwa mstari mmoja. Kila dereva wa hapa anachora. Ukishafunga tairi unapiga rangi, nusu kwenye tairi, nusu kwenye rimu. Ukitoka kujaribu gari unatazama. Mstari ukiwa pamoja, tairi limekamata. Ukiachana, ujue rimu inazunguka kivyake na tairi kivyake."

"Kwa nini liteleze?"

"Kwa sababu tunakanyaga breki kama wendawazimu, na upepo tunaupunguza ili tairi liikamate lami. Breki inashika rimu, tairi linataka kuendelea na safari."

"Na likiteleza, mtu anakufa?"

"Si lazima. Lakini Lwitiko alikuwa anatia tyubu, maana zile rimu zake za mtumba zilikuwa zinavuja. Tairi likizunguka linaiburuta tyubu. Valvu imebanwa kwenye tundu la rimu, haiwezi kwenda. Inang'oka." Aliingiza kidole, akavuta kipande cha mpira chenye valvu iliyonyofolewa kwenye shina. "Hii hapa. Upepo wote unatoka kwa mkupuo mmoja, na uko kwenye kona."

"Ninyi wengine mnazuiaje?"

Hapo Godbless alinogewa. Hakuna kitu alichopenda kama kufundisha watu. "Unapiga msasa pale mdomo wa tairi unapokaa. Unafuta kwa petroli mpaka kitambaa kitoke kisafi. Unavalisha tairi kavu. Mafundi wa mtaani wanapenda povu la sabuni ili liingie kirahisi, lakini kwenye mbio sabuni inaua. Halafu unatoboa rimu pembeni, unatia skrubu fupi zinazouma mdomo wa tairi, lisiende popote. Mimi ninazo, njoo uone gari langu. Lwitiko alikataa. Zile rimu alizipenda kuliko mkewe, akasema hazitobolewi. Aligombana na Romani kwa ajili hiyo mbele ya watu, mpaka wakatukanana."

"Kwa hiyo Romani akamtilia sabuni kwa hasira."

"Hilo umelisema wewe, afande. Mimi sijalisema." Na safari hii alitabasamu bila kujizuia.

Cornelia alimsukuma pembeni, akaingiza kidole kwenye pengo kati ya tairi na rimu, akakwangua. Alichotoa hakikuwa sabuni. Kilikuwa kitu kigumu, rangi ya machungwa, kinachokatika kama nta. Alikisugua kati ya vidole viwili. Kilikaa kigumu kidogo, kikalainika, kisha kikateleza chote. Alinusa.

"Mawese," alisema.

Tabasamu la Godbless lilikauka. "Nani anatia mawese kwenye rimu?"

"Raundi za kujaribu, mstari wake ulihama?"

"Hapana. Niliutazama kwa macho yangu. Nilikuwa namtafutia kosa."

"Ilikuwa asubuhi, baridi kama hii?"

"Zaidi ya hii."

"Nenda zako. Ukitoka mjini nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Garini, njiani kwenda hospitali, Eustace alivumilia mpaka makutano ya kwanza. "Afande, huyu muuaji ana akili. Mawese kwenye baridi yanaganda. Asubuhi tairi linashika vizuri, kila mtu anaridhika. Breki zikipata moto yanayeyuka. Ni kama bomu la kutega."

"Endesha gari," alisema Cornelia. Lakini hakumbishia, maana hata yeye aliwaza hivyohivyo.

Muuguzi Bertilla aliwakuta mlangoni mwa wodi ya wanaume. Alikuwa mama mtu mzima asiyeogopa magwanda. "Afande, afadhali umekuja. Mkono wa huyu mtu umekuwa wa baridi tangu alfajiri, vidole havipati damu. Daktari anataka apelekwe Mbeya sasa hivi. Gari la wagonjwa lipo tayari, dereva yupo. Kinachongojwa ni ruhusa yako, kwa kuwa yuko chini ya ulinzi."

"Atakwenda nikimaliza naye."

"Mkono haungoji, afande."

"Na mimi nimesema nikimaliza."

Romani alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, uso umevimba upande mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa na pingu. Wa kulia ulikuwa juu ya mto, umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na vidole vilivyochungulia vilikuwa na rangi ambayo vidole vya mtu aliye hai havipaswi kuwa nayo. Cornelia alivuta kiti akakaa upande huohuo.

"Rimu za Lwitiko zililala wapi Ijumaa?"

"Gereji."

"Gereji yako ina mlango?"

Romani alifumba macho.

"Nimepita pale. Ina turubai. Lwitiko aliyezipenda rimu zake kuliko mke aziache chini ya turubai?"

"Zililala kwake," alisema Romani. "Nilizifuta kwa petroli, akazibeba. Asubuhi akazileta, nikafunga matairi."

"Kwa nini umeanza kwa kudanganya?"

Bertilla alikuja na bomba la sindano. Cornelia alinyoosha mkono kumzuia bila kumtazama. "Hiyo itamlevya. Subiri nje."

"Saa ya dawa yake imepita, afande. Ana maumivu."

"Nimeona kwamba ana maumivu."

Muuguzi alitoka. Cornelia alitoa mfukoni kipande cha gazeti, akakifungua juu ya shuka. Ndani mlikuwa na lile donge la rangi ya machungwa.

"Ulipofunga matairi uliyaona haya?"

Romani alilitazama donge kwa muda. Kisha akageuzia uso ukutani.

"Mafuta ya nani?"

"Afande, nina watoto watatu, na nyumba yangu ni ya mbao."

"Nimekuuliza mafuta ya nani."

"Nami nimekujibu."

"Unajua kesi ya mauaji inaishia wapi? Watakunyonga, Romani. Watakutoa asubuhi moja hivi, wakuvike mfuko kichwani. Na wanao wataambiwa baba yao alimuua mtu kwa ajili ya skrubu."

"Wakininyonga nitakufa peke yangu," alisema Romani kwa ukuta. Jasho lilikuwa linamtiririka japo chumba kilikuwa cha baridi. "Jana neno moja tu la mtu lilitosha kunifanya hivi. Mimi nikitaja jina, unafikiri usiku huu kwangu watalala?"

Cornelia aligonga mto kwa kifundo cha kidole, karibu kabisa na ule mkono. Haikuwa kwa nguvu. Romani aliuma shuka, machozi yakamtoka, na bado hakusema kitu. Cornelia alisubiri, akagonga tena. Kama alimwonea huruma, haikuonekana, na mimi sidhani kama alimwonea.

Alipotoka, Bertilla alikuwa bado amesimama mlangoni. "Ruhusa, afande?"

"Nikirudi."

Kituoni aliamuru magurudumu mengine matatu yafunguliwe. Eustace na askari wa karakana walihangaika nayo mpaka jua likakausha umande. La mbele kulia lilipobanduka, rimu ilikuwa imetapakaa mafuta yaliyoyeyuka yakaganda upya, mstari umehama vidole viwili. Lilikuwa linafuata nyayo za mwenzake.

"Huyu muuaji wako mwenye akili," alisema Cornelia, "tairi moja lingemtosha. Kwa nini alihangaika na yote?"

"Ili awe na uhakika?"

"Au hakujua kwamba anaua. Fungua ya nyuma."

Breki za nyuma hazifanyi kazi kubwa, hivyo hazikuwa zimepata moto wa kutosha. Tairi la kwanza la nyuma lilipotolewa, mawese yalikuwa yameganda yalivyopakwa, alama za vidole zimo. Mtu alikuwa ameyazungusha pande zote, taratibu, kwa vidole vitatu. Na katikati ya rimu, mahali ambapo tairi likishavaa hakuna jicho linalofika, aliweka alama nyingine, mstari mmoja wa kushuka na mwingine wa kukatiza. Gurudumu la mwisho lilikuwa na alama ileile mahali palepale.

Eustace, Mkatoliki wa kuzaliwa, alijikuta anapeleka mkono kwenye paji la uso. Aliushusha haraka.

"Ni msalaba, afande."

"Naona."

"Muuaji gani anachora msalaba?"

Simu ya Cornelia ililia mfukoni, akaitazama, ni namba ya hospitali. Aliifunga mlio. Alijua wanataka nini, na sasa alikuwa na haraka ya kwenda Mazwi.

Msiba ulikuwa umejaa. Turubai mbili, mabenchi ya kanisani, masufuria, kina mama kwenye mikeka wakiimba nyimbo za Kinyakyusa ambazo Cornelia, Mfipa, hakuzielewa ila huzuni yake aliielewa. Wanaume kwenye mabenchi walimwona, na wachache wao wakaangalia chini. Mmoja alikuwa na kidonda kipya kwenye vifundo vya mkono. Cornelia alimtazama mpaka akauficha mkono chini ya koti, kisha akavua viatu, akaingia ndani na Eustace nyuma yake.

Chumbani, juu ya godoro, alikaa Mama Lwitiko, mwanamke mkubwa wa mwili, kajifunga khanga kichwani. Pembeni yake alikuwa Debora, mjane, binti mdogo mdogo aliyekuwa amelia mpaka sauti imekwisha. Cornelia aliwaomba wengine watoke. Walitoka.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Amekiri?"

"Bado."

"Atakiri tu. Na mwili mtatuachia lini? Nataka kumlaza Kyela, kwa baba yake."

"Karibuni, mama." Cornelia alikaa chini, miguu upande, kama jirani aliyekuja kuhani. Alishusha sauti. "Kuna maneno yananisumbua, sipendi kukuletea. Huko mjini wanasema kijana alikwenda mbioni hivihivi tu, bila kuombewa. Wanasema hata mama yake hakumwekea ulinzi."

Ulikuwa mtego mbaya, na Cornelia aliutega kwa makusudi. Mama Lwitiko alinyanyuka mgongo kana kwamba amechomwa sindano.

"Nani kasema? Mdomo wake uoze! Mwanangu mimi aende pale bila upako? Ijumaa jioni rimu zililetwa humu ndani, safi, zinanuka petroli. Nikatoa mafuta yangu, mawese ya kwetu Kyela, yaliyoombewa kanisani mbele ya watu wote. Nikapaka zote nne, kwa mkono wangu huu. Nikaweka na alama ya msalaba. Debora huyu hapa alinimulikia kwa simu. Sema, Debora."

Debora aliitikia kwa kichwa.

"Mbona ulipaka ndani, mama?"

"Nje yangefutwa. Lwitiko alipenda zing'ae."

"Na asubuhi gereji?"

"Nilikwenda naye. Nilikaa garini, mlango wazi, nikitazama. Yule fundi alipoona mafuta akachukua kitambaa na chupa ya petroli. Nikamwambia, wewe, weka chini! Upako haufutwi. Akamtazama mwanangu. Mwanangu akacheka, akasema, 'Funga tu, Romani, kwa baridi hii yameshakuwa gundi.' Basi akafunga, kanuna." Mama Lwitiko alijipigapiga kifuani. "Umeona roho yake? Mtu anataka kufuta ulinzi wa mwanangu! Jana lile gari lilipobiringika, sikuwa na haja ya kuuliza. Nilijua ni yeye."

Nje wimbo uliendelea. Debora alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Cornelia angeweza kuyasema taratibu. Wapo askari ambao wangemshika mama yule mkono kwanza, wakamwitia mchungaji wake. Yeye alitoa kile kipande cha gazeti, akalichukua donge, akaliweka kwenye kiganja cha Mama Lwitiko, akamkunja vidole, akavishikilia.

"Subiri, mama."

"Ni nini hiki?"

"Subiri."

Walikaa hivyo. Eustace aliangalia dirishani. Baada ya muda mafuta yakaanza kupenya kati ya vidole vya mama yule, mekundu, mepesi, yakashuka kwenye kifundo cha mkono na kuingia kwenye khanga.

"Mwanao alisema kweli, asubuhi yalikuwa gundi," alisema Cornelia. "Lakini breki zinatia rimu moto. Yalipoyeyuka, tairi likateleza kwenye rimu, likaing'oa valvu. Fundi alitaka kuyafuta. Ulimkataza wewe."

Mama Lwitiko alitazama kiganja chake. Alikitazama muda mrefu sana, uso ukimlegea upande mmoja kisha mwingine, na Cornelia, aliyewahi kuona watu wakipokea habari za kila namna, alidhani sasa atapiga yowe. Hakupiga. Alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu wa ofisini.

"Nani mwingine anajua?"

"Sajenti wangu. Na huyu mkweo."

"Basi iishie humu."

"Romani atanyongwa."

"Mimi nimempoteza mwanangu wa pekee. Yeye kapoteza nini?"

"Mkono."

"Mkono tu," alisema Mama Lwitiko. "Una mtoto wewe? Unataka niende nisimame kwenye kaburi Kyela, ukoo mzima unatazama, niseme nini? Waache waamini walichokiona. Wewe mwenyewe umeambiwa upeleke jalada kesho. Lipeleke."

Na kwa kitambo, Eustace alisimulia baadaye, hakuwa na uhakika afande wake atajibu nini.

Aliyejibu alikuwa Debora. Alinyanyuka kutoka kwenye godoro, jambo ambalo mjane hatakiwi kulifanya kabla mumewe hajazikwa. Mama Lwitiko alimshika upindo wa khanga.

"Kaa chini! Wewe ndiye uliyemulika!"

"Ndiyo, mama. Nilimulika."

Aliuchomoa upindo, akatoka peku. Kutoka chumbani waliusikia wimbo ukififia, kina mama wakishangaa kumwona nje, kisha ukakatika kabisa. Sauti ya Debora ilikuwa imekwisha kwa kulia, hivyo hakuweza kupaza; aliongea polepole na watu wakanyamaza ili wamsikie. Alisema mafuta yalikuwa yao. Alisema yeye alishika taa na mama akapaka, na Romani alitaka kuyafuta akakatazwa. Alilisema jina la Romani mara mbili, wasije wakadai hawakusikia.

Hakuna aliyepiga kelele. Cornelia alisogeza pazia. Wanaume wa mabenchini walikuwa wanasimama, mmoja mmoja, bila kuagana. Yule mwenye kidonda kwenye vifundo alisukuma sahani yake chini ya benchi kwa mguu, wali haujaisha, akapita upande wa choo ili asipite mbele ya Debora.

"Wanaondoka?" Mama Lwitiko aliuliza kutoka kwenye godoro.

"Wanaondoka."

"Mwambie aingie ndani. Mwambie nimesema aingie."

Debora hakuingia. Cornelia alimwachia Eustace achukue maelezo yake pale uani, yeye akaenda kusimama karibu na gari. Simu ilikuwa na miito ya hospitali isiyojibiwa, imepangana. Alipiga.

"Muuguzi, mfungueni pingu. Mpelekeni Mbeya sasa hivi, nimetoa ruhusa."

"Daktari ameshaukata, afande," alisema Bertilla. "Hapahapa, mchana. Ulikuwa umekufa kabisa, sumu ilishaanza kupanda. Tulikupigia, hukupokea."

Cornelia alitazama viatu vyake. Alikuwa hajafunga kamba.

"Yuko macho?"

"Yuko macho. Hajauliza habari ya mkono. Anauliza kama nyumba yake ipo."

Alikata simu. Eustace alikuja, kalamu sikioni, akamwona usoni na hakuthubutu kuuliza. Waliingia garini. Eustace alitia ufunguo, hakuuzungusha.

"Ukiulizwa," alisema Cornelia, "ruhusa niliitoa asubuhi, palepale wodini. Gari la wagonjwa ndilo lililochelewa."

Eustace alitazama mbele, kwenye ua uliokuwa umebaki na mabenchi matupu na mjane mmoja.

"Umenisikia, Sajenti?"

"Nimekusikia, afande," alisema Eustace, akawasha gari.